Marehemu Ameacha Watoto Watano

Ilikuwa Alhamisi jioni, nikiwa nafunga duka hapa Luanda, magharibi mwa Kenya, baba mdogo alipoingia na karatasi mbili za fulskepu zilizokunjwa mara nne. Mvua ilikuwa imemnyeshea. Alizifungua juu ya kaunta, akazipangusa kwa kiganja, akasema, "Mwanangu, hii nataka kesho kabla ya saa nne."

Wanaonifuata hapa wanajua kazi yangu. Nachapa barua za chifu, fomu za basari, kadi za harusi, na zaidi ya yote programu za mazishi. Ijumaa ndiyo siku yangu ndefu, kwa kuwa Jumamosi ndiyo siku ya kuzika. Nimeandika maneno "marehemu ameacha" mara nyingi hadi vidole vinayaandika vyenyewe.

Safari hii marehemu alikuwa wetu. Mama mkubwa, mke wa kaka yake baba, aliyenilea miaka mitatu wakati mama yangu mzazi alipokuwa anaugua. Aliyenifundisha kusoma Biblia kwa sauti bila kukimbia.

Nikawasha mashine tena. Nikaandika kuzaliwa kwake, ubatizo, ndoa, utumishi wake katika Umoja wa Akina Mama. Nikafika kwenye watoto. Orodha ilikuwa na namba moja hadi sita, lakini namba nne ilikuwa imekatwa. Tano imegeuzwa kuwa nne, sita imegeuzwa kuwa tano. Aliyekata alikandamiza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

"Baba, hapa pana makosa."

"Hapana makosa. Andika ilivyo."

Nikaandika. Marehemu ameacha watoto watano.

Nikachapa nakala mia tatu.

## Wa Nne

Simtaji jina. Ana kazi, ana mwenye nyumba, na nchi yetu ni hii tunayoijua. Nitamwita Wa Nne, kwa sababu hiyo ndiyo nafasi aliyozaliwa nayo, na ndiyo aliyonyang'anywa.

Tumepishana miezi minane. Tulichunga ng'ombe pamoja, tukaimba kwaya ya Jumapili pamoja, tukawekewa mikono na askofu siku moja, yeye akiwa amevaa viatu vya kaka yake vilivyomzidi. Sauti yake ilipovunjika ikawa ya tena, ile sauti ya juu ya wanaume, nzuri kiasi kwamba mwalimu wa kwaya alikuwa akimwomba asimame mbali na maikrofoni.

Familia ilijua Ijumaa ya tarehe 24 Mei 2019. Alikuwa amekuja nyumbani kwa wikendi. Runinga ilikuwa imewashwa, na taarifa ilikuwa ile ya majaji watatu wa Mahakama Kuu waliokataa kufuta vifungu vya 162 na 165 vya sheria ya adhabu, vile vinavyotumika kuharamisha mapenzi ya jinsia moja. Sebuleni watu walipiga makofi. Baba mdogo akasema Mungu ametenda. Kisha akamtazama Wa Nne, ambaye mikono yake ilikuwa imetulia magotini.

"Na wewe, mbona umenyamaza?"

"Kwa sababu wanaozungumziwa hapo ni mimi, baba."

Mama mkubwa aliinuka akaenda jikoni. Tulimsikia akikoroga ugali uliokuwa umekwisha kuiva.

Yaliyofuata mnaweza kuyajaza wenyewe, maana hata ninyi mmeyaona kwenye nyumba za watu. Vikao, mifungo, mtu wa maombezi kutoka mbali. Mwaka uliofuata simba yake, ile nyumba ya kijana pale bomani, iling'olewa mabati yakaezekwa banda la kuku. Namba yake ikatolewa kwenye kundi la WhatsApp la familia. Hakuna aliyetangaza. Siku moja tu hakuwepo.

Mama yake peke yake hakumwondoa popote. Alimpigia kila Jumapili baada ya ibada, akiwa amesimama nyuma ya ghala la mahindi ambako mtandao hushika. Januari 2023, mwili wa kijana mwanamitindo na mtetezi wa wapenzi wa jinsia moja, Edwin Chiloba, ulipopatikana ndani ya sanduku la chuma kando ya barabara kule Uasin Gishu, mama mkubwa alikuja dukani kwangu kununua kredo ya simu siku nne mfululizo. Baadaye, Desemba 2024, mahakama ya Eldoret ilimfunga miaka 50 mtu aliyekuwa akiishi na Chiloba. Lakini wiki ile hatukujua aliyefanya wala sababu. Mama alijua tu kwamba kijana wa watu ameuawa, na kwamba wako wanaoandika kwenye simu zao kwamba alistahili. Aliniambia, "Mwambie ndugu yako asitembee usiku."

Nikamuuliza wazi, kwa sababu tulikuwa wawili tu: "Mama, umekubali mambo yake?"

"Sijakubali." Akakwangua kadi yake taratibu. "Lakini mtoto akikunyea kiganjani, huukati mkono."

Huyo ndiye mama ambaye mimi niliandika kwamba ana watoto watano.

## Siku yenyewe

Mazishi yalikwenda vizuri. Ndivyo watu walivyosema.

Wa Nne hakuja. Dada yake mkubwa alimtumia ujumbe kwamba asije, atavuruga. Alibaki Kisumu, safari isiyofika hata saa moja kwa matatu, na nasikia alikaa chumbani kutwa na pazia zimefungwa.

Watoto wakaitwa wasimame mbele ya jeneza mmoja mmoja, mwendeshaji wa shughuli akisoma kutoka kwenye programu yangu, ile karatasi ya kung'aa niliyoikunja na kuipiga pini kwa mikono yangu. Kando yangu alikaa nyanya mmoja jirani, mkunga wa zamani, ambaye naamini aliwapokea nusu ya wale watoto yeye mwenyewe. Alikuwa akihesabu kwa vidole. Alipofika mwisho akatazama kidole kilichobaki.

"Yule wa katikati yuko wapi?"

Binti yake akamkanyaga mguu.

Mimi nikainamia programu kama mtu anayetafuta wimbo.

## Visingizio vyangu

Wiki ya kwanza nilijiambia kwamba mazishi hayakuwa yangu. Kazi yangu ni kuchapa. Mwenye matanga ndiye mwenye maneno. Kweli kabisa, na ningeweza kuishi na hilo kama marehemu angekuwa mgeni.

Wiki ya pili nilijiambia kwamba nilimlinda. Jina lake lingesomwa, watu wangenong'ona, vijana waliokunywa pombe ya matanga wangeanza kuimba upuuzi. Hili nalo lina ukweli, na bado nalibeba kwa uzito. Sijui kama ningelala ningeandika sita na mtu akampiga mtoto wa mama mkubwa kwa jiwe kando ya kaburi la mama yake.

Wiki ya tatu, Jumapili, ilikuwa ibada ya Ushirika Mtakatifu, na zikasomwa amri kumi. Nimezisikia tangu utotoni. Nilikuwa nikiitikia bila kufikiri mpaka tukafika pale: usimshuhudie jirani yako uongo.

Nikashindwa kuitikia.

Miaka yote hii nilikuwa nikidhani kwamba jambo la Wa Nne ni swali moja, na kwamba nikishalijibu ndipo nitajua la kumtendea. Je, ni dhambi au si dhambi? Alizaliwa hivyo au alijifunza? Tumeyabishana haya kwenye mafunzo ya Biblia mpaka chai ikapoa. Lakini Alhamisi ile usiku hakuna aliyeniuliza naamini nini kuhusu ndoa. Niliulizwa mwanamke fulani alizaa watoto wangapi. Nikajibu uongo, nikauchapa mara mia tatu, na sehemu ya nafsi yangu ikahisi kwamba nimefanya jambo la Kikristo.

Hapo ndipo penye kidonda changu. Sidanganyi kirahisi. Ni imani yangu iliyonirahisishia.

## Ninachoamini, na kile nilichokuta kimeandikwa

Nisiwachezee. Ninaamini kuhusu ndoa kile kanisa langu la Kianglikana hufundisha hapa Kenya. Nimesoma Warumi sura ya kwanza mara nyingi na sijaweza kuilazimisha iseme kitu kingine. Najua wapo Wakristo wacha Mungu wanaoisoma vingine. Nimewasoma pia, na baadhi yao wameninyima usingizi, lakini hawajanivuta upande wao. Wasomaji wangu wengine wataniacha hapa kwa sababu sijafika mbali. Wengine watakuwa wameshaniacha juu huko kwa sababu nimefika mbali mno. Siwezi kuwazuia wote.

Wiki hizi nilirudi kwenye maandiko tunayoyashika mkononi tunapowafukuza watoto, nikayasoma polepole kama ninavyosoma kazi ya mteja kabla ya kuichapa.

Wakorintho wa Kwanza 6, ile orodha inayosomwa kwa ukali kila mara: wafiraji na walawiti wamo, naam. Katika pumzi hiyo hiyo wamo watamanio, walevi na watukanaji. Watukanaji! Nimezika walevi wangapi katika kijiji hiki ambao wasifu wao uliandikwa "alikuwa mtu wa watu"? Hakuna hata mmoja aliyekatwa kwenye orodha ya watoto wa mama yake.

Timotheo wa Kwanza 5:8 nililiona kama sijawahi kuliona: "Lakini mtu ye yote asiyewatunza walio wake, yaani, wale wa nyumbani mwake hasa, ameikana Imani, tena ni mbaya kuliko mtu asiyeamini." Hapo Paulo hakuweka mabano kwa ajili ya familia yetu.

Kisha nikatafuta azimio ambalo viongozi wetu hulitaja kila mgogoro unapozuka, kama Februari 2023, Sinodi Kuu ya Kanisa la Uingereza ilipokubali sala za baraka kwa wapenzi wa jinsia moja na Askofu Mkuu wetu, Jackson Ole Sapit, akaukataa uamuzi ule hadharani. Azimio lenyewe ni la mkutano wa Lambeth wa 1998, ule wa maaskofu wa Kianglikana wa dunia nzima, namba 1.10. Maaskofu 526 waliliunga mkono, 70 wakapinga, na maaskofu wa Afrika walikuwa mstari wa mbele. Linasema kwamba vitendo vya ngono vya jinsia moja haviafikiani na Maandiko. Hiyo sehemu naijua. Nimeichapa kwenye vijitabu vya semina.

Sehemu ambayo sikuijua iko ndani ya azimio hilo hilo. Maaskofu walijifunga kuwasikiliza watu hawa wakieleza maisha yao. Wakawahakikishia kwamba Mungu anawapenda, na kwamba kila aliyebatizwa, anayeamini na aliye mwaminifu, mwelekeo wake uwe wowote, ni kiungo kamili cha Mwili wa Kristo. Wakalaani hofu isiyo na msingi dhidi yao.

Kusikiliza. Tangu 1998. Nimekaa kwenye viti vya kanisa miaka yote hiyo na sijawahi kuwa kwenye kikao cha kusikiliza hata kimoja. Vya kusema nimehudhuria vingi.

Rafiki yangu Mkatoliki, tunayepanga naye kibanda kimoja siku za soko, akanionyesha Katekisimu yao, kipengele cha 2358: wapokewe kwa heshima, huruma na upole, na kila dalili ya ubaguzi usio wa haki iepukwe. Kipengele kinachotangulia ni kikali kama mafundisho yetu. Tulisoma vyote viwili, yeye akiwa ameshika miwani yake kwa mkono kwa kuwa mguu mmoja umevunjika, kisha akasema, "Sisi tulichukua kimoja tukaacha kimoja."

## Mathayo aliandika orodha

Mchapaji husoma Biblia kwa jicho la mchapaji. Sura ya kwanza ya Mathayo, ambayo wengi huiruka, kwangu ni kazi ya mteja: orodha ndefu ya nani alimzaa nani. Humo yumo Tamari, na kisa chake na mkwe wake tunakijua. Yumo Rahabu. Yumo mke wa Uria, ambaye hata jina hakuandikwa, lakini mume aliyeuawa ameandikwa, ili msomaji asisahau dhambi ilikuwa ya nani. Nikafurahi. Nikasema, tazama, huu ni wasifu wa familia ya Bwana wetu, na hawakukata mtu.

Nikaenda kumwambia mwinjilisti wetu. Ni mzee mpole, hasomi sana magazeti ila Biblia ameimaliza mara nyingi kuliko nilivyobadilisha wino. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akafungua mstari wa nane.

"Hapa Mathayo anasema Yoramu akamzaa Uzia. Nenda kwenye Mambo ya Nyakati uhesabu. Kati yao kuna wafalme watatu. Ahazia, Yoashi, Amazia. Mathayo amewaruka."

Nilikaa kimya. Nilihisi kama nimenyang'anywa silaha.

"Kwa hiyo kuruka jina si dhambi?" nikamuuliza.

"Sijui alichokuwa nacho moyoni Mathayo. Wanasema alitaka hesabu yake itimie kumi na nne kumi na nne." Akageuza mstari wa kumi. "Lakini Manase yumo. Aliyejaza Yerusalemu damu isiyo na hatia. Yeye hakumruka." Akafunga kitabu. "Wewe usijifiche nyuma ya Mathayo. Wewe ulikata kwa nini?"

Niliondoka pale na swali lake, na nikaamua kwenda Kisumu.

## Nakala moja

Usiku wa kabla ya safari nilifungua lile faili. Nikarudisha namba nne mahali pake. Nikabadilisha watano kuwa sita. Kwenye ukurasa wa nyuma nikarudisha picha nzima ya Krismasi, ile ambayo niliikata upande wa kulia. Ndiyo, na picha niliikata. Sikuwa nimewaambia hilo. Bega lake lilibaki kidogo ukingoni, na kwenye zile nakala mia tatu mtu akitazama vizuri ataona kipande cha shati la buluu kisicho na mwenyewe.

Nikachapa moja. Karatasi ile ile, pini ile ile.

Tulikutana katika hoteli ndogo karibu na soko la Kibuye. Amekonda. Aliniamkia kwa heshima kama zamani, akaniagizia chai kabla sijaketi, akakumbuka kwamba situmii sukari. Hatukuongea juu ya jambo lenyewe kwa muda mrefu. Alitaka kujua vitu. Mama alizikwa na nguo gani? Na sare yake ya Umoja wa Akina Mama. Kwaya iliimba? Iliimba. Tena walikuwa wangapi? Wawili, na mmoja alikuwa na mafua.

"Na udongo? Nafasi yangu nani alimwaga?"

"Wa tano alikufuata. Yaani alimfuata wa tatu."

Akaitikia kwa kichwa.

Nikatoa kile kijitabu. Alikisoma chote, kutoka jalada, bila haraka, midomo ikicheza kama mama yake alivyotufundisha. Alipofika kwenye watoto akaweka kidole juu ya jina lake. Nilidhani atalia. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na leso.

"Umechapa ngapi, dada?"

"Hii moja."

"Zile zingine zilikuwa ngapi?"

"Mia tatu."

Akakifunga. "Asante. Nitakiweka." Kisha, bila hasira, na ndicho kilichoniuma zaidi: "Lakini hiki ni baina yangu na wewe. Mama hakuzikwa na hiki."

Nilikuwa nimekuja kwa huruma yangu yote nimeifunga vizuri ndani ya bahasha ya kaki, na akanionyesha ukubwa wake. Uongo niliusema mbele ya kijiji. Ukweli nimemletea chini ya meza.

Tulikaa mpaka saa tisa. Aliniambia bado anakwenda kanisani, kanisa kubwa ambako hakuna anayemjua, hukaa nyuma na kutoka kabla ya matangazo. Wa tena hawezi kujizuia, akasema, wimbo ukiwa na tena ataimba. Aliniambia kwamba yeye na Mungu bado wanazungumza juu ya mengi na kwamba hayo si ya kuniamulia mimi. Akamtaja Binyavanga Wainaina, mwandishi mzaliwa wa Nakuru, aliyejitangaza kuwa mpenzi wa jinsia moja Januari 2014 kwa kuandika kana kwamba anamwambia mama yake, wakati mama huyo alikuwa amefariki tangu mwaka 2000.

"Mwenzangu alimwambia mama yake akiwa ameshakufa. Mimi wangu nilimwambia akiwa hai. Unajua usiku ule aliponipata nje aliniuliza nini?"

"Alikuuliza nini?"

"Kama nimekula."

## Ambayo bado sijayaweza

Nilimwalika kwetu. Mume wangu alinyamaza siku mbili, kisha akasema, "Ni shemeji yangu, aje." Mtoto wetu wa miaka kumi na nne ameuliza maswali, na nimemjibu kadiri ninavyojua: kwamba tunaamini hivi, kwamba anko wake anaishi vile, na kwamba katika nyumba hii hakuna atakayetukanwa.

Lakini sitaki mfikiri nimemaliza. Akija peke yake, nitapika kuku na nitamwekea wa kwanza. Akija na mwenzake, sijui. Nimejaribu kuiona picha hiyo, mimi nikifungua mlango, na mkono wangu hausogei. Najua Bwana wetu alinung'unikiwa hivi: "Mtu huyu huwakaribisha wenye dhambi, tena hula nao." Najua pia kwamba nikimwita mtu mezani huku moyoni nikimwita mwenye dhambi na kujiona mimi mwenyeji msafi, chakula hicho kitamkwama. Hapo ndipo nilipo. Ninaandika nikiwa hapo, si nikiwa nimevuka.

Na kuhusu sheria, kwa kuwa najua mtu ataniuliza. Kifungu cha 162 kinataja vitendo, na adhabu yake inafika miaka 14. Februari 2023 majaji watatu kati ya watano wa Mahakama ya Juu walisema watu hawa hawawezi kunyimwa haki ya kusajili chama chao, na vifungu vile vikabaki palepale. Nimesoma nilichoweza. Hakuna kifungu kinachokataza jina la mtu kuandikwa kwenye programu ya mazishi ya mama yake. Hilo tulijitungia wenyewe.

## Baba mdogo

Jumapili iliyopita nilikwenda kwa baba mdogo. Nilimkuta chini ya mwembe akikausha maharagwe juu ya turubai. Nilikuwa nimechapa nakala ya pili. Nikampa.

Alisoma, akafika pale, akasimama.

"Mwakani tutajengea kaburi," nikasema. "Kutakuwa na ibada ya kumbukumbu na utaniletea karatasi nyingine. Baba, kwa heshima zote, watano sitaandika tena. Utatafuta mchapaji mwingine."

Nilitegemea hasira. Nilikuwa nimejibebea hata ile Timotheo. Badala yake alianza kuzichambua maharagwe, akitoa mawe, na akanisimulia mazishi aliyohudhuria mwaka 2023, wakati makanisa mengi yalikuwa yamewaka moto juu ya ule uamuzi wa mahakama. Jina la mtoto fulani lilisomwa, na mhubiri akalidaka. Alihubiri juu ya kijana yule saa nzima mbele ya jeneza la mzazi wake. Kijana akiwa amesimama pale. Watu wakaanza kupiga makelele, mazishi yakamalizika gizani, na familia ikatawanyika bila kula.

"Nilipoiandika ile karatasi niliandika sita," akasema. "Wewe mwenyewe uliona. Nikalala nayo. Asubuhi nikaona yule mhubiri. Nikalikata ili wasilipate la kulitupia mawe."

Maharagwe yakaanguka kwenye ungo, moja moja.

"Na aibu pia," akasema. "Sitakudanganya. Nilikuwa na aibu."

Sikuwa na la kujibu. Kumbe hofu yake na yangu zilikuwa dada na kaka, na bado sote wawili tulikuwa tumeandika uongo. Nikamwambia hivyo, kwa sauti ndogo kuliko niliyoiandaa njiani. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Aliniuliza kama kijana anakula vizuri. Nikasema amekonda.

Nilipoinuka kuondoka alikuwa bado ameshika kijitabu, amekisogeza karibu na macho. Akaingiza mkono mfukoni mwa shati akatoa kalamu, na moyo wangu ukashtuka, kwa kuwa niliijua ile kalamu.

"Hapa umekosea," akasema.

"Wapi, baba?"

"Jina lake la pili. Aliitwa kwa jina la baba yangu. Baba yangu hakuandikwa na 'h'." Akaikata ile herufi moja, taratibu, akaandika jina upya pembeni kwa herufi kubwa, akanirudishia. "Rekebisha."